Vyuma Juu ya Nyumba ya Baba

Kaka yangu anajenga nyumba juu ya nyumba anamolala mama yetu, na msingi wa nyumba hiyo hauwezi kuibeba. Haya si maneno yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuchimbua msingi huo akiwa kijana, akamwonyesha baba, na sote tulikuwa tumesimama pale tukitazama. Kwa hiyo katika familia yetu hakuna anayeweza kusema kwamba hakujua. Mama anajua. Kila jioni anasikia mwiko wa kaka ukikwaruza mawe juu ya dari, naye anaendelea kuchambua mboga.

Jumamosi iliyopita nilipanda juu kumwona. Ngazi ni ile ile ya chuma, imelegea mahali pale pale palipolegea tangu tukiwa watoto. Nilipofika paani nilipokewa na harufu ya oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa na magari kwenye gereji. Watu wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maziwa au ya mvua ya kwanza. Mimi wangu unanuka oili chafu. Keti nikueleze kwa nini.

Baba alitoka Magharibi mwa Kenya akiwa kijana, akapata kazi katika kiwanda cha blanketi kule Industrial Area, Nairobi. Nyumba yetu ya Umoja ilikuwa ndogo kama zote za mtaa ule zilivyokuwa mwanzoni: chumba, jikoni na choo, na kiwanja kidogo cha kuongezea mtu akijaliwa. Kila jirani aliongeza kwa namna yake. Mmoja alisogeza ukuta mbele akafungua duka la mkate na mafuta ya taa. Mwingine alijenga vyumba vya kupangisha nyuma, mpaka dirisha la jikoni lake likawa linatazama ukuta. Baba naye aliongeza mpaka kiwanja kikaisha. Kati ya ukuta wetu na wa jirani pakabaki mtaro wa maji machafu tu.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia. Kwao, mvulana akishakuwa kijana halali tena chini ya paa la mama yake. Hujengewa kibanda chake karibu na lango la boma, nacho huitwa simba. Kibanda hicho ndicho humfanya ahesabiwe kuwa mtu. Kaka yangu alikuwa bado anapoteza meno ya utotoni, lakini baba alishaanza kuzunguka nyumba jioni akiangalia pa kuiweka simba ya mwanawe. Hakupaona. Basi akatazama juu.

Siku ya kumwaga zege la paa, ambayo mtaani tuliiita siku ya slabu, naikumbuka kuliko sikukuu yoyote ya Krismasi. Wanaume walijipanga kwenye ngazi wakipokezana makarai, kutoka mkono hadi mkono, huku mmoja akiimbisha na wengine wakiitikia. Wanawake walipika uani. Mama alisonga ugali katika sufuria kubwa ya kuazima kanisani, na jirani yetu wa Ukambani, mke wa mchonga vinyago, akaleta muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe mpaka yakalainika kama siagi. Jioni zege lilipokuwa bado bichi, baba alituita mimi na kaka, akatuonyesha vyuma vilivyosimama wima kwenye nguzo za paa vikisubiri ghorofa.

"Hivi vya upande wa barabara ni vyako," alimwambia kaka. Kisha akanigeukia. "Na hivi vya kando ya tangi la maji ni vyako."

Mke wa mchonga vinyago alicheka mpaka akashika kiuno. "Jirani, hata msichana unampandia chuma? Huyu si ataolewa?"

"Akiolewa vibaya atarudi," baba akajibu bila kucheka. "Akirudi alale wapi, kwako?"

Kwao baba, msichana hatengewi mahali. Wazee wa kwao wangemshangaa. Mimi nilikuwa mdogo mno kuelewa alichokifanya siku hiyo. Nilielewa tu kwamba nina vyuma, na wasichana wenzangu wa mtaa hawana.

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zikawa na kazi moja ya lazima. Baada ya kufua na kuchota maji, kama mifereji ilikuwa imetoa maji, tulipanda paani na brashi ya waya, tambara, na kopo la oili chafu ambayo baba aliiomba gereji. Tulikwaruza kutu, tukapaka oili, kisha tukafunika ncha za vyuma kwa mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia ili mvua isipenye. Baba alisimama katikati kama nyapara. Hakuturuhusu kushuka kabla ya kujibu swali lake.

"Hapa ataishi nani?"

"Mtangazaji wa habari wa redio," nilijibu mimi.

"Na hapa?"

"Injinia," kaka alijibu.

"Injinia wa nini?"

"Wa madaraja."

"Basi paka oili, injinia. Daraja halitajengwa na kutu."

Kila Jumamosi maswali yalikuwa hayo hayo na majibu hayo hayo. Mtu akipita chini alisikia sauti zetu akajua ni zamu ya kina Injinia, jina ambalo mtaa mzima ulimpa kaka kabla hajamaliza shule ya msingi. Mwalimu wake wa hesabu naye alimwita hivyo hivyo. Alimtuma ubaoni kuwafundisha wenzake, naye akaketi nyuma ya darasa akila njugu.

Toka paani tuliona mji wote, au hivyo ndivyo tulivyoamini. Upande mmoja moshi wa jalala la Dandora ulipanda na kulala juu ya mtaa wa Mowlem. Upande wa pili ndege zilishuka kuelekea uwanjani, chini kiasi kwamba kaka aliapa ameona uso wa rubani. Kutoka uani ulipanda mlio wa omena, wale dagaa wa ziwani, zikikaangwa na harufu ya mboga ya mrenda, na kwaya ya kanisa ilifanya mazoezi ya wimbo mmoja kuanzia mchana mpaka giza likiingia. Mimi nilitoa mkebe kwenye chuma changu, nikauweka mdomoni, nikasoma taarifa ya habari: mfereji wa nyumba ya kona umetoa maji, kuku wa mama wa duka ametoweka na polisi hawana habari, mchonga vinyago amekosana na mkewe na sasa amelala karakanani. Watu walicheka mpaka chini barabarani. Kaka alijenga madaraja kwa nyaya na vifuniko vya soda kutoka vyuma vyake hadi vyangu, akapitisha vigari juu yake. Daraja likianguka hakulia. Alikaa chini akaangalia ni wapi lilipoanzia kupinda.

Mvua ikinyesha tulilala tukisikiliza mikebe juu ya vichwa vyetu. Niliweza kuitofautisha ya kaka na yangu kwa mlio. Sijapata kulala vizuri hivyo tena.

Kaka alipita mitihani, akaingia chuo cha ufundi kusomea ujenzi. Aliporudi likizo ya kwanza alikuwa na rula ndefu ya chuma na namna mpya ya kutazama kuta. Wakati huo bomba la maji machafu lilikuwa limepasuka nyuma ya nyumba, na baba akamwambia achimbe kando ya ukuta lipate kuzibwa. Kaka alichimba. Baadaye akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye shimo, na mkono ukafika mwisho wa mawe ya msingi ukiwa umezama mpaka kiwiko tu. Akapapasa. Akaita.

"Mzee. Msingi unaishia hapa?"

Baba alisogea. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nami nilikuwepo.

"Ndiyo," baba akasema. "Uliwekwa kwa nyumba ya chini."

"Hata zile nguzo ulizoongeza zimekaa juu ya sakafu tu. Hazikuenda chini."

"Zilienda chini kiasi."

"Mzee, hii haibebi kitu."

Kwa mbali makanga wa matatu walikuwa wakiita abiria kwenye barabara ya Outer Ring. Baba aliinama, akachukua koleo kutoka mkononi mwa kaka, akaanza kurudisha udongo shimoni, polepole, akiushindilia kwa kiatu. Alipomaliza alisema, "Tutauimarisha," akaenda kunawa mikono.

Jumamosi iliyofuata alipanda juu na kopo la oili kama kawaida. Akauliza maswali yake. Tukamjibu.

Nimelifikiria kosa la baba kwa miaka mingi, na kila nikilifikiria naishia kumhurumia. Alitoka mahali ambapo nyumba ya mtoto hujengwa kando ya nyumba ya baba, na ardhi huzibeba zote bila kuulizwa. Hakuna mtu kwao aliyewahi kuuliza kama boma linaweza kumbeba mtoto mmoja zaidi. Alileta desturi hiyo mjini, akaikosea mahali pamoja tu: akaiweka juu badala ya kando. Naye hakuwa peke yake. Pita Umoja yote, tazama juu, utaona vyuma vimesimama kwenye mapaa kama mabua baada ya mavuno. Kila fungu la vyuma lina jina la mtoto. Wengi wa watoto hao sasa wana mvi.

Kiwanda cha blanketi kilifungwa. Baba alirudi nyumbani adhuhuri ya siku ya kazi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akaketi sebuleni na sare yake mpaka mama alipomwambia aivue. Kaka aliacha chuo. Alisema anapumzika muhula mmoja tu, akaenda kutafuta mjengo, vibarua vya ujenzi, na muhula huo haujaisha mpaka leo. Amebeba makarai kwenye majengo mengi kuliko anayoweza kukumbuka. Maghorofa marefu yaliyouzunguka mtaa wetu, mengine aliyajenga kwa mikono yake. Ndiyo yaliyotuzibia ndege. Mtaani bado wanamwita Injinia, lakini sikiliza sauti zao wanapomwita. "Injinia, niaje, leo hakuna daraja?" vijana humtupia akirudi na vumbi la saruji nyusini, na yeye huinua mkono tu akapita.

Mimi sikuwa mtangazaji. Nafanya kazi kwenye korti za Makadara, napiga chapa maneno ya watu wengine, siku nzima, bila kuongeza langu. Niliolewa, ikawa vibaya, nikarudi, kama baba alivyosema. Nilirudi na mtoto mgongoni na begi moja. Baba alinipokea langoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinua macho kwenye vyuma vyangu kando ya tangi. Kisha akayashusha. Nililala sebuleni, kwenye kochi, mpaka nilipopata chumba cha kupanga Mowlem. Hatukulizungumza kamwe.

Baba alifariki akiwa bado anapaka oili. Tulimpeleka kwao, kama ilivyo desturi, tukamzika kando ya baba yake. Usiku wa matanga kila mwanamume wa ukoo alikuwa na mlango wa kuingia. Kaka alikuwa na kiti cha plastiki cha kukodi. Asubuhi baba mdogo alimkuta amejikunja pale, shingo imepinda, akamwita mbele ya wazee wote.

"Wewe ndiye mwana mkubwa wa marehemu. Simba yako iko wapi?"

"Iko Nairobi," kaka akajibu.

"Nairobi! Ghorofa ya ngapi?"

Watu wakacheka. Hata kaka alitabasamu kidogo. "Ya kwanza," akasema.

"Basi siku yako ikifika tutakuzika kwenye ngazi," mzee mmoja akadakia, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Walikuwa wakitania, kama wanavyotania matangani ili watu wasizame kwenye kilio. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na kaka, nikaona masikio yake yakiwaka kwa aibu.

Tuliporudi Umoja alipumzika siku chache. Kisha akaanza kupandisha mawe. Yalikuwa mabaki ya mijengo, mengine yamevunjika ncha. Aliyabeba begani kupitia ngazi ile iliyolegea. Ukuta wa upande wa barabara ukaanza kupanda kuvizunguka vyuma vyake, vikiwa safi, bila doa la kutu. Wakati huo huo, chini, juu ya mlango wa chumba cha mama, ufa mwembamba ukajitokeza, ukapinda kama unywele.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilipanda. Nilimkuta ananyoosha kamba ya kupimia. Ukuta ulikuwa umenyooka vizuri sana. Sikutaka kuliona hilo, lakini niliona.

"Sistee," akasema bila kugeuka. "Umekuja kunikamata? Umetumwa na korti?"

"Nimekuja kukuuliza. Ulisema haibebi kitu. Uliingiza mkono mwenyewe."

"Nilisema."

"Basi?"

Aliweka kamba chini, akanyoosha mkono kuzunguka mtaa wote. "Angalia hizo. Ile ya njano nimeijenga mimi. Unajua msingi wake ulichimbwa siku ngapi? Na ile pale, tulimwaga zege mvua ikinyesha. Zimesimama. Watu wanalala humo, wanazaa humo. Kwa nini yetu peke yake ndiyo ianguke?"

"Mama analala chini yako."

"Najua mahali mama anapolala." Sauti yake ilishuka. "Niambie basi nianzie wapi kwingine. Wewe niambie. Nina umri huu. Nionyeshe kiwanja."

Sikuwa na kiwanja cha kumwonyesha. Nilisimama kando ya tangi la maji, karibu na vyuma vyangu, nikaona vimepakwa oili pia, na juu yake kuna mikebe mipya. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa hata hilo.

Chini nilimwomba mama aje Mowlem akae nami. Ameniambia hapana mara nyingi, na safari hii pia hakubadilisha jibu.

"Mimi nikitoka, mama," akasema, kwa jina analoniita tangu utotoni, "nitakuwa nimemwambia kaka yako nini?"

"Utakuwa umemwambia ukweli."

"Ukweli anaujua. Alianza kuujua kabla yako." Akaendelea kutenga majani ya kunde na mashina. "Baba yenu alimpa kitu kimoja tu. Mimi sitakuwa mtu wa kukivunja."

Nilipotoka langoni mke wa mchonga vinyago, ambaye sasa anatembea na mkongojo, alinivuta kando. "Wewe uko kortini kila siku. Si useme huko waje wamsimamishe?" Nimelifikiria. Najua mlango wa kubisha. Najua pia kwamba maafisa wa jiji hawatakuja na maneno, watakuja na tingatinga, na hawatabomoa kipande cha kaka pekee. Mama atatoka na sufuria zake barabarani, na kaka atakuwa ameondolewa hata hicho kiti cha plastiki. Nikinyamaza, naweza kuamshwa na simu ambayo sitaki kuitaja hapa. Nimesikiliza kesi nyingi. Katika zote kuna mtu anayesema, "Tulikuwa tunajua, lakini." Hakimu huuliza, "Lakini nini?" Sijawahi kusikia jibu zuri.

Kabla ya kuondoka siku ile nilifanya jambo dogo ambalo kaka mwenyewe alinifundisha zamani, aliporudi likizo na ile rula yake. Nilikoroga plasta kidogo, nikaipaka juu ya ufa kama bendeji. Ukuta ukitulia, plasta hubaki nzima. Ukuta ukiwa unasogea, plasta hupasuka. Nilimwonyesha mama, nikamwomba aitazame kila asubuhi na kunipigia simu.

Alinipigia. "Iko sawa," alisema Jumatatu. "Iko sawa," alisema Jumanne. Jumatano vilevile, haraka haraka, kisha akaniuliza kama mtoto amekula.

Yule mtoto wa paani aliyesoma habari kwenye mkebe hakuwa na tatizo kama hili. Aliona kitu, akakisema, watu wakacheka, na hakuna kilichoanguka. Sijui alikwenda wapi. Mvulana aliyekaa chini kutafuta ni wapi daraja lilipoanzia kupinda naye sijui alikwenda wapi. Ukuta anaoujenga sasa hauchunguzi hivyo. Kutoka paani kwetu siku hizi huoni tena ndege wala Dandora wala Mowlem. Unaona kuta na nguo za watu zilizoanikwa.

Jana baada ya kazi nilipita Umoja bila kumwambia mama. Juu kaka alikuwa akifanya kazi, nilisikia mwiko kabla ya kufika langoni. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha mama, nikainua macho. Pale nilipopaka plasta palikuwa pametundikwa kalenda ya kanisa, ile kubwa yenye picha ya kwaya, imepigiliwa misumari pembe zote.

Niliinua mkono kuishika.

"Acha, mama," mama akasema nyuma yangu, kwa upole. "Chai itapoa."

Nilikunywa chai. Kalenda bado iko ukutani, sijaona kilicho nyuma yake. Juu, ukuta wa kaka umefika usawa wa dirisha.